Talaka Iliyokuja Ndani ya Gunia la Majongoo Bahari

Bibi yangu alipewa talaka na mtu ambaye hitma yake ilishasomwa.

Najua mnauliza: maiti anaandikaje talaka? Tulieni.

Mwaka 1954. Sofia, ndiye bibi mwenyewe, alikuwa anachambua majongoo bahari, wale viumbe wanene wa chini ya maji, kwenye ghala la tajiri Mansukhlal, Mchafukoge, hatua chache toka sokoni Kariakoo. Majongoo yakishakaushwa kwa moshi yanakuwa magumu kama kisigino. Yalitoka Kilwa kwenye magunia, yakapanda meli kwenda kwa Wachina wa Hong Kong. Tajiri mwenyewe Mhindu asiyekula hata yai, lakini biashara ni biashara.

Mumewe, Bakili, alikuwa mzamiaji wa majongoo huko Kilwa. Mtu wa mkono wa kushoto. Akishona mdomo wa gunia, mshono unalala upande usio wa watu, na mwishoni anapiga mafundo matatu.

"Moja langu, moja lako, la tatu la mtoto wetu," alimwambia Sofia.

Mtoto alikuwa bado.

Masika ile, Mrisho, rafiki wa Bakili, akaja na habari. Bakili amezama, hakuibuka.

Sofia hakulia. Majirani wakasema yao. Hitma ikasomwa, akakaa eda miezi minne na siku kumi, akarudi kazini. Alikuwa kama mkono uliolaliwa, upo lakini hausikii.

Wiki ile ile akavuta gunia. Mshono wa kushoto. Mafundo matatu.

"Chandu, mzigo huu wa zamani?" akamuuliza karani, mpwa wa tajiri.

"Zamani gani? Umefika jana, wa mwezi huu huu. Fungua basi, unaota?"

Aliyeleta mzigo ni Mrisho. Sofia akamkuta Kariakoo anakunywa kahawa.

"Mrisho, nani anashona magunia huko kwenu?"

Kikombe hakikufika mdomoni. "Shemeji..."

"Nani?"

"Alinituma tu, shemeji, haki ya Mungu. Alishindwa kukuambia. Kaoa kule, na mke kazaa."

Kumbe fundo la tatu lilishapata mwenyewe.

Hapo ungetegemea tusi, au kahawa kumwagwa usoni. Wapi! Sofia alisema "Haya," akarudi kuchambua. Aliniambia alitafuta maumivu mwili mzima, hakuyaona.

Ila kulikuwa na jambo. Shaibu, hamali wa ghala, alishapeleka posa mara eda ilipokwisha, na Sofia alishaikubali. Sasa mume yuko hai. Bila talaka, haolewi.

Magunia matupu yalirudishwa Kilwa kujazwa tena. Akachukua moja, akatia kofia na kanzu ya Bakili, akalishona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Mwishoni akapiga fundo moja tu. Lake.

"Mpe mkononi," akamwambia Mrisho.

"Nimwambie nini?"

"Marehemu haambiwi kitu."

Mwezi uliofuata likaja gunia la mshono wa kushoto, halina fundo hata moja. Katikati ya majongoo kulikuwa na karatasi ya talaka, ina mashahidi wawili, inanuka moshi.

Akaolewa na Shaibu. Mimi ni mjukuu wa ndoa hiyo.

Mwaka 1987, mimi niko darasa la nne, mtu mzima akabisha hodi nyumbani.

"Shikamoo, mama. Mimi mtoto wa Bakili. Baba amefariki juzi. Alisema uambiwe."

"Marahaba. Ingia, mwanangu."

Akampikia wali. Mgeni alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, na bibi alimwangalia mpaka sahani ikaisha. Baadaye mama na shangazi zangu wakaja na nyuso za msiba kumpa pole.

Bibi akaendelea kukusanya vyombo.

"Pole zake nilishapokea mwaka hamsini na nne," akasema. "Zile zile zinatosha."

Jamani, ukitaka kumwacha mtu, mwache kwa mdomo wako. Ukimfia kwa uongo, siku unakufa kweli atakuwa anaosha vyombo.