Mlima wa Upande wa Pili

Juzi nilifungua mkoba wa shule wa binti yangu, na harufu ya karatasi iliyolowa rangi ya maji ikanipiga puani. Nikajikuta nimekaa kitandani pake. Harufu ile hunirudisha Githongo, kijijini kwetu chini ya mlima, mwaka niliokuwa darasa la saba, kwenye wivu ambao huona aibu kuusimulia. Lakini ninyi nitawaambia.

Kabla ya Wawira kuja, mchoraji wa shule nilikuwa mimi. Nilichora ramani za walimu ubaoni, na mama aliwaambia wenzake kwenye foleni ya kupima kahawa kwamba mkono wangu una baraka. Kisha akaja huyu msichana mwembamba kutoka Siakago, kwenye nyanda kavu, kukaa na shangazi yake. Wiki ya kwanza alichora mbuzi wa jirani, na Mwalimu Kirimi akaishika ile karatasi muda mrefu bila kusema neno. Michoro yangu alikuwa akiisifu papo hapo. Kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kiboko.

Jumamosi moja mwalimu alitupandisha sisi wawili mlimani kwa pikapu ya shemeji yake. Tulipita msitu, tukapita mianzi, mpaka pale miti inapokoma na kubaki nyasi ngumu na upepo wa kukata masikio. Alitupa kila mmoja karatasi moja nzito, akatuonya kwamba hana nyingine, akarudi kwenye gari kunywa chai ya chupa.

Mimi nilimaliza upesi. Kilele cheupe, mbingu ya buluu, kama kwenye kalenda. Kisha nikachungulia kwa Wawira. Siku hiyo kilele kilikuwa kimefunikwa na ukungu, naye hakukichora. Alichora ukungu wenyewe, ukitambaa kwenye bonde lenye rangi za kahawia nisizojua hata alizichanganyaje. Ungetazama ukasikia baridi.

Alipoenda kusuuza brashi kwenye kijito kilichopita karibu, niliondoa jiwe alilokuwa ameliweka juu ya karatasi yake. Ni hilo tu nililofanya. Upepo ulimalizia: karatasi ikainuka, ikajigeuza mara mbili, ikatua majini.

Wawira aliikimbilia. Alipoiopoa, rangi ilikuwa imekwenda na maji. Nilingoja alie. Yeye alirudi, akatazama bonde, kisha akatazama mchoro wangu, uliokuwa umeshakauka.

"Nipatie nyuma yake," akasema.

"Nyuma ya nini?"

"Ya karatasi yako. Harakisha, ukungu unaondoka."

Nikampa.

Jumatatu mwalimu aliibandika ile karatasi ukutani ofisini, upande wa Wawira ukitazama watu. Mlima wangu ulitazama saruji. Nilipotumwa chaki nikaiona hapo, nilikwenda nyuma ya madarasa nikalia kwa hasira. Wawira akanifuata.

"Mimi nilikuona ukitoa jiwe," akasema, bila kupandisha sauti.

Nikafuta machozi. "Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Angeturudisha nyumbani hapo hapo. Na mimi nilikuwa sijamaliza kuangalia."

Nilidhani ananidharau, na nikamchukia zaidi. Mwaka uliofuata aliporudi kwao nilifurahi, Mungu anisamehe. Ukuta wa ofisi ukawa wangu tena, na sifa zikarudi, ila hazikunishibisha kama zamani, wala sikujua kwa nini.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Siku zote nilidhani naonea wivu mkono wake. Kumbe mimi, niliyezaliwa mlima ule ukiwa mlangoni kwetu, nilikuwa sijawahi kuutazama hata siku moja, kwa sababu kila niliposhika brashi nilikuwa natazama ni nani anayenitazama. Wawira aliletwa pale juu asubuhi moja tu, akanyang'anywa kazi yake, akajua nani kamnyang'anya, na bado mlima ndio uliomshughulisha.