Suti Mbili Kwenye Maegesho

Mwaka wangu wa kwanza Durban nililinda magari nje ya maduka ya Morningside. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa hakimu kwao Lubumbashi. Mimi nilifundisha fizikia Bukavu. Kazi yetu ilikuwa moja, kuwaonyesha madereva nafasi na kungoja sarafu, lakini kila mmoja alitaka ijulikane kwamba hakuzaliwa mlinzi wa magari.

Jumatatu alikuja na tai nyekundu juu ya kizibao cha njano cha kazi. Jumanne nikaja na yangu. Akavaa koti, nikavaa suti ya vipande vitatu, kwenye joto la Februari. Akaleta mkoba wa ngozi. Nikanunua mkubwa zaidi. Tukawa tunaelekeza magari kwa mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, bila kusalimiana.

Mzee mmoja alipandisha kioo haraka akidhani tunahubiri. Mama mwingine akaniomba fomu ya bima. Nikamjibu kwa upole kwamba zimeisha.

Mchana mmoja tulilikimbilia gari lile lile, tukagongana. Mikoba ikafunguka. Wangu ukatoa kitunguu na nusu mkate. Wake ukatoa tofali lililofungwa kwa gazeti.

“Muhakimu, hii ni nini?”

“Ni uzito,” akasema kwa heshima yake yote. “Mkoba mwepesi, watu wanajua haiko na kitu.” Akakitazama kitunguu. “Na hiyo, Prof, ndiyo fizikia?”

Nikaangua kicheko. Yeye akajikaza kidogo, kisha akakalia tofali lake na kucheka mpaka machozi. Dereva alichoka kupiga honi, akaegesha mwenyewe, vibaya kabisa.

Tulipokuwa tukila ule mkate akasema, “Prof, sikuwa hakimu. Nilikuwa karani wa mahakama.”

“Nami fizikia niliishika muhula mmoja tu, mwenye somo alipougua.”

Tukapeana mikono, kama watu waliokutana siku hiyo. Kesho yake tulikuja na mashati tu, na upepo ukanipita kwapani. Sikukumbuka lini nilijisikia mwepesi vile.

Jumapili nikampigia simu mke wangu Bukavu, ambaye nilikuwa nimemwambia nafanya kazi ofisini.

“Ninalinda magari,” nikasema.

“Najua tangu zamani,” akajibu. “Mimi nauliza kama unakula.”