Jina la Msichana wa Pili

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu. Utotoni shule niliionja miaka miwili tu, nikarudishwa nyumbani kubeba wadogo zangu mgongoni. Mume wangu alipokufa, mwalimu mmoja wa kanisani hapa Kasese alinikuta nimekaa, mikono mapajani, maharagwe yanaungua jikoni. Akanipa kitabu cha hadithi kisicho na jalada. "Mama, toa kiti nje usome ukurasa mmoja. Mmoja tu. Halafu rudi kwenye sufuria zako."

Kiti nikakiweka nyuma ya jiko, penye miti mitatu ya kahawa, maana mbele ya nyumba kila apitaye angeuliza mbona bibi mzima anashika kitabu kama mtoto wa shule. Nilisoma kwa kidole, nikitamka kila neno. Upepo wa mlimani ukinipata shingoni, kifua kilichokuwa kimekaza kikaanza kulegea. Ukurasa mmoja ukawa kurasa mbili, mbili zikawa tano. Mke wa mwanangu akawa ananicheka: "Mama iko kwa kanisa yake. Musimusumbue!"

Kwa hiyo kitabu sitakisingizia. Kiliniponya. Kosa ni langu.

Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na ni hivyo hivyo katika kila nyumba, toka mlimani mpaka mpakani. Mimi ni wa kwanza. Mdogo wangu, aliyeolewa Bwera, ni wa pili. Ukiita jina lake sokoni Bwera, wanawake kumi watageuka, na wa kumi na moja atauliza toka upande wa Kongo nani anamtaka. Ndiyo maana watu huja kwangu niwatofautishie: huyu binti wa nani, yule mke wa nani, yule mwingine wa kilima kipi. Majina yote ninayo kichwani, ya wazima na ya waliozikwa. Hapa siandiki hata moja.

Mdogo wangu alianza kuona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kichwa kilimuuma, jicho la kushoto lilikuwa jekundu. Tukasikia daktari wa macho anakuja Bwera siku moja tu, kwenye uwanja wa kanisa. Nikapanda gari asubuhi, nikamkuta amevaa gauni lake la sikukuu, nikamshika mkono, tukaandikishwa. Watu walijaa mpaka tukaketi kwenye nyasi, mbali na mlango. Akajilaza, kitambaa usoni. Kitabu kilikuwa kwenye kikapu changu. Nikajiambia, ukurasa mmoja.

Msichana mwenye orodha akatoka, akaita jina la msichana wa pili. Mwanamke mmoja mnene akainuka mbele kabisa, akaingia. Si sisi, nikasema moyoni. Baadaye likaitwa tena. Mama mmoja Mkongo, muuza vitenge aliyekaa karibu nasi, akanigusa goti.

"Mama, beko banaita kule. Haiko mugonjwa yako?"

"Jina hilo ni la wengi, mama," nikamjibu bila kuinua macho. "Wakimtaka huyu wangu wataita na jina la baba yake."

"Aya. Weye njo unajua."

Nikafungua ukurasa mwingine.

Nilipoona daktari anapanda gari lake ndipo nilipokimbilia mlangoni. Msichana akaniangalia kwa huruma. "Bibi, niliita mara mbili. Kwenye karatasi jina hilo walikuwa wawili. Mmoja hakuja."

Nikarudi kwenye nyasi. Mdogo wangu alikuwa amesimama anakung'uta gauni.

"Wamesemaje, dada?"

"Muda umewaishia," nikamwambia.

Daktari alirudi mvua za msimu mzima zikiwa zimepita. Akammulika, akammulika tena. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingelindwa kwa dawa. "Mngekuja mapema," akasema.

"Tulikuja, daktari," mdogo wangu akamjibu upesi. "Dada yangu alinileta. Ni ninyi mlioishiwa muda." Alinitetea, mimi nikiwa hapo hapo nimeshika kadi yake.

Uongo huo nilikaa nao. Juzi nilikwenda Bwera nikamkuta nje, ungo mapajani, anachambua maharagwe kwa vidole. Nikaketi chini karibu naye.

"Siku ile muda haukuwaishia," nikasema. "Walikuita. Nilikuwa nasoma."

Akatupa jiwe dogo pembeni. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilisikia. Yule Mkongo wako ana sauti kama kengele, nani asingesikia?"

"Sasa mbona hukuinuka?"

"Niliondoa kitambaa nikakuangalia. Tangu tumzike shemeji sikuwa nimeuona uso wako vile, umetulia. Mdomo tu unachezacheza kama mbuzi kapata majani." Akacheka. "Nikasema, dada anajua majina yote ya dunia hii. Kama ni mimi, angesimama."

Nikanyoosha mikono niupokee ungo. Akauvuta kwake.

"Acha. Haya nayaona vizuri kuliko wewe."

Bado natoa kiti nyuma ya jiko. Mwili unataka, na mke wa mwanangu ananihimiza. Lakini kidole hakifiki mwisho wa mstari. Barabarani mtu humwita mwenzake, mama humwita binti yake toka bombani, na mimi nafunga kitabu, nasimama, nasikiliza ni nani anayeitwa.