Hirsi na Miti Iliyochoka

Magoti ya Hirsi yalimuuma kila alipoinua mguu. Miaka arobaini amepanda magenge haya ya Sanaag, kaskazini mwa Somalia, kugema ubani, na bado hajaacha kuishangaa miti yenyewe. Udongo hakuna. Shina limevimba chini kama unyayo wa ngamia, limeng'ang'ania jiwe tupu. Alfajiri ukungu wa baharini ukipita, majani yake madogo yaliyojikunja yanalowa, basi, ndicho kifungua kinywa. Jua likizidi, mti unapukutisha majani yote na kungoja.

Mvua ilikuwa imekosekana kwa mwaka wa tatu. Nyumbani walibaki mbuzi wanne na watu saba. Miti kumi na minane aliyoachiwa na baba yake ilikuwa bado na mwaka mmoja wa kupumzishwa, lakini Dhudi, mkewe, alikuwa amemwambia, "Ukirudi mikono mitupu, utawaeleza watoto mwenyewe."

"Shemeji, tugeme tu," alisema Samatar, kaka wa Dhudi, akihema nyuma yake. "Mti hauna mdomo wa kulalamika."

"Wako unatosha. Panda."

"Nipande wapi? Umeziba njia kama kobe mwenye mimba."

Walipofika mti wa kwanza, Hirsi alikwangua gome kando ya kovu la zamani, kipande kama ukucha. Ndivyo walivyoupima. Utomvu mzito ukitoka papo hapo, mti umepona. Ukichelewa, mti unaachwa.

Walikaa. Kivuli cha jiwe kikawahama. Mwishowe kikatoka kitone chepesi kama maji ya mchele, kikakauka palepale.

"Umetoka," alisema Samatar. "Nimeuona."

"Umeona jasho."

"Shemeji, watoto hawali kovu lililopona."

Hirsi aliinua kisu, akakishika hivyo kwa muda, kisha akaonyesha ng'ambo ya bonde. "Miti ile kule niliikata majeraha kumi na mawili kila mmoja, ukame ule mwingine. Tukala msimu mmoja."

Samatar alitazama. Ng'ambo ilisimama miti mikavu, myeupe, imetobolewa na wadudu.

Hirsi alifuta kisu, akakirudisha alani.

"Kesho nashuka pwani kubeba mizigo."

"Kwa magoti hayo?"

"Nina mengine?"

Aliinuka kwa kushika jiwe, si mti, wakaanza kushuka na vikapu vitupu.

"Kwa dada yako," alisema, "utaingia wewe kwanza."