Kiti cha Mzee Nanga

Jumamosi ile nilifungiwa chooni na watu wazima wenye ndevu zao, kwa sababu timu yetu ilikuwa imefunga goli.

Usicheke kwanza.

Wakati mimi nimo humo, upande wa pili wa ukuta watu haohao walikuwa wamembana baba mkwe wangu kwenye kiti, naye anawaomba atoke nje apumue.

Mimi ni fundi wa mabomba. Shule niliiacha mapema, kazi nikaikuta kwenye masinki na vyoo vya watu. Nimezibua vitu ambavyo nikivisimulia hapa, wewe leo huli. Namaliza, naosha mikono, naenda kula zangu. Kinyaa mimi nilishakizoea.

Lakini wikiendi ile nilitapika.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe.

Mtaani kwetu kuna banda la kuonyesha mpira. Mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja kubwa na feni moja inayozunguka ikijisikia. Sakafu inanata soda mpaka ndala inabaki nyuma. Hapo ndipo tawi letu la mashabiki wa Radi linapokutana. Radi tunavaa bluu. Watani wetu wanaitwa Nyuki, jezi ya njano yenye mistari myeusi. Shabiki wa Nyuki akikosea njia akaingia pale, anatoka na kiatu kimoja.

Mwenyekiti wa tawi ni kinyozi. Mdomo wake ni kama mashine yake, ukishawaka hauzimiki mpaka umeme ukatike.

Yeye ndiye aliyeleta sheria ya kuganda.

Sheria ni hivi: Radi wakitangulia kufunga, kila mtu anaganda alipo mpaka kipenga cha mwisho. Uliyesimama, simama. Uliyechuchumaa, chuchumaa hivyohivyo. Ukisogea, umehamisha bahati, na wenzetu wakisawazisha ni wewe.

Ujinga mtupu. Lakini ingia humo siku ya mechi uone kama hutaganda.

Sasa, baba mkwe wangu alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa mwoka mikate maisha yake yote. Mpole, haongei mpaka umuulize, na ukimuuliza anafikiri kwanza. Nyumbani kazi yake ikawa kukaa dirishani kutazama barabara. Mke wangu akawa anajifutia machozi jikoni.

"Mtoe baba, mume wangu," akaniambia. "Nenda naye huko kwenye mpira wenu, akaone watu."

Nikaenda naye.

Siku ya kwanza akakaa kwenye kiti cha plastiki pale kona, chini ya feni. Radi wakashinda. Mechi iliyofuata akakaa palepale. Wakashinda tena. Mwenyekiti akamtazama kwa jicho la mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mzee wangu," akasema, "wewe ndiye nanga yetu. Kiti hicho ni chako kuanzia leo."

Tangu hapo akaitwa Mzee Nanga. Akiingia, makofi. Kiti wanamfutia. Soda anafunguliwa kabla hajaomba. Mzee akaanza kunyoa ndevu siku za mechi. Anavaa sweta lake zito la kijivu, jua liwake lisiwake, na njiani ananiacha nyuma.

Mke wangu akafurahi. Na mimi nikafurahi.

Kumbe!

Wikiendi yenyewe ilikuwa ya moto. Jumamosi timu ya wanawake ya Radi ilikuwa na nusu fainali. Jumapili wanaume walikuwa wanakutana na Nyuki.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la mteja, maji machafu yananidondokea shingoni, mke wangu akapiga simu.

"Baba hakulala vizuri. Anasema kifua kizito. Ukija mwambie asiende."

Nikaja, nikamwambia. Nilimkuta ameshavaa sweta.

"Mkwe," akasema, "umri huu kifua kitakuwa chepesi lini? Twende. Watu wananisubiri."

Tulipofika, mwenye banda aliona begi langu la vifaa kabla hajaniona mimi.

"Fundi! Mungu kakuleta! Choo kimefurika, na watu wote hawa wakija mapumziko sijui nitawaweka wapi."

Nikamkalisha mzee kitini kwake, nikaingia chooni. Nilichokikuta humo sisemi. Nilikunja suruali, nikaanza kazi.

Maji yalipoanza kushuka tu, banda lote likalipuka. Goli!

Nikasukuma mlango nitoke nikashangilie. Mlango ukarudishwa usoni kwangu.

"Nani huyo? Fundi? Rudi ndani!"

"Nimemaliza bwana, fungueni!"

"Goli limeingia ukiwa humo. Ganda humohumo!"

"Acheni masihara, huku kunanuka!"

"Nuka nako, fundi! Kwa ajili ya timu!"

Wakaegesha benchi mlangoni. Nikasikia wanavyojikalisha juu yake, wanacheka. Na mimi nilicheka. Nikajiambia hii nitaisimulia.

Ukuta wa kile choo ni mbao nyembamba. Kona ya mzee iko nyuma yake tu. Ndipo nikamsikia.

"Wanangu, naomba nipite. Nataka hewa kidogo."

"Mzee Nanga, tulia. Tunaongoza."

"Kifua kinanibana."

"Sote kinatubana, mzee! Hiyo ndiyo nusu fainali!"

Kicheko.

"Jamani, naombeni."

"Mshikeni mabega hapo, taratibu." Hiyo ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Mzee wangu, usituangushe dakika hizi."

Nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Kikarudishwa. Ikakwaruza tena. Kikarudishwa tena.

Halafu kimya.

Niliita, "Baba! Baba!" Hakujibu. Nikapiga kelele, "Muachieni huyo mzee!" Wakanijibu kwa wimbo wa timu.

Nikachukua spana yangu kubwa ya mabomba nikaanza na bawaba. Zilikuwa zimeoza kwa kutu. Ya juu ikatoka, ya chini ikatoka, nikaupiga mlango teke ukaanguka na benchi na waliokuwa juu yake.

Nikatoka na yale maji ya chooni mpaka magotini.

Nilichokiona sijakisahau. Wanaume wawili wamemwekea mzee viganja mabegani, mmoja huku, mmoja huku, na macho yao yako kwenye televisheni. Hawamtazami kabisa. Wamemshika kama unavyoshika ngazi ili mwenzako apande. Uso wa mzee umekuwa rangi ya jivu. Jasho linamdondoka kidevuni. Mdomo wazi, mkono umelegea gotini.

Na unajua mwenyekiti alisema nini?

"Fundi katoka! Jamani, katoka! Nani kamfungulia?"

Nikawasukuma wale wawili, nikambeba mzee mikononi kama mtoto. Banda zima limejaa wanaume wenye nguvu zao, hakuna aliyeinuka. Wameganda. Mwenye banda peke yake ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha gari.

Natoka mlangoni, nyuma yangu mtu akapiga kelele:

"Kiti! Kiti kisiguswe!"

Hospitali walimpokea haraka. Moyo. Daktari akatuambia tungechelewa kidogo tu, angekuwa anatupa habari nyingine. Mke wangu alikuja na khanga ameivaa kinyume, akamshika baba yake mguu.

Muuguzi akaja kumvua sweta ili ambandike nyaya kifuani. Akasimama. Akacheka kidogo.

"Kumbe mzee ni mwenzangu."

Chini ya sweta mzee alikuwa amevaa jezi ya Nyuki. Njano, mistari myeusi, imepauka kwa kufuliwa miaka na miaka.

Mimi na mke wangu tukatazamana.

"Wewe hukujua?" nikamuuliza.

"Baba? Kwetu tulikuwa tunasikiliza redio tu. Mimi nilidhani anapenda mpira basi."

Jumapili asubuhi aliweza kuongea. Nikamuuliza, si kwa ubaya.

"Baba, wewe ni Nyuki?"

Akafikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Tangu sina ndevu."

"Sasa kule ulikuwa unafuata nini?"

"Watu," akasema. "Mkwe, nimeishi na mke wangu miaka mingi, nikiingia nyumbani kuna mtu anasema karibu. Akaondoka. Sasa naingia kule, watu wananipigia makofi, kiti changu kimefutwa. Ningewaambia mimi ni Nyuki wangenifutia kiti?"

Nikamvutia shuka mabegani.

"Nilidhani wananipenda," akasema, akageukia ukuta.

Haikupita muda, mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti na wenzake wawili, wamevaa bluu tupu. Walikuwa walewale wa mabegani. Moyoni nikasema, afadhali, wana haya kidogo, wamekuja kuomba msamaha. Mke wangu akawasogezea stuli.

"Shikamoo, Mzee Nanga."

"Marahaba, wanangu."

"Mzee, leo ni Nyuki." Mwenyekiti akakohoa. "Tumekaa kama tawi. Kiti chako tumekizungushia kamba, hakuna aliyekikalia. Sasa kwa kuwa wewe mwenyewe umekwama huku, tunaomba lile sweta la jana. Tuliweke pale kitini."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Lisiwe limefuliwa lakini," akaongeza.

Mke wangu akasimama. "Tokeni! Tokeni humu kabla sijawavua hizo jezi!"

Mzee akainua mkono. "Mwanangu, wacha. Ni wageni wangu."

Akaniashiria niiname. Jezi ilikuwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki chini ya kitanda, tulipoiweka jana yake. Akasema nifunge fundo, nimpe.

"Sweta nililitapikia jana njiani," akawaambia. "Lakini hiki kilicho humu nimekuwa nacho mwilini kila mechi, tangu siku ya kwanza. Kiwekeni kitini. Msifungue mpaka kipenga cha mwisho. Mkifungua kabla, mimi simo."

Mwenyekiti akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili na kichwa ameinamisha. Wakaondoka mbio. Hakuna aliyeuliza daktari kasemaje.

"Nenda nao, mkwe," mzee akasema. "Kaniangalizie nyuso zao."

Nikaenda.

Nilisimama mlangoni, ndani sikuingia. Kiti kipo kona, feni juu yake, mfuko mweusi umekalishwa kama mheshimiwa. Mlango wa choo umeegemezwa ukutani, hakuna aliyeurudisha. Harufu imejaa humo ndani nao wanapumua tu.

Radi wakafunga. Mimi ni Radi tangu utotoni, goli dhidi ya Nyuki huwa linanipandisha juu ya meza. Siku hiyo lilinipita kama habari ya msiba wa mtu nisiyemjua. Niliwatazama walivyoganda, midomo wazi, mmoja na karanga kati ya vidole hajaipeleka mdomoni mpaka mwisho.

Kipenga kikalia. Wakakibeba kiti juujuu, mfuko ukiwa juu yake, wakakizungusha banda zima wakiimba.

"Fungua! Fungua tuone dawa ya mzee!"

Mwenyekiti akafungua fundo. Akaingiza mkono. Akavuta.

Njano. Mistari myeusi.

Wimbo ukakatika. Nilisikia feni.

Nikajiambia, sasa. Sasa watajiona. Nilikuwa naisubiri ile aibu kwa hamu, nikamchukulie mzee kama zawadi.

Mwenyekiti akaniona pale mlangoni. "Fundi. Hii ni ya mzee?"

"Ni yake. Alikuwa anaivaa chini ya sweta."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mechi zote hizo tumeshinda?"

"Zote."

Akaitazama ile jezi. Akafikiri. Halafu, naapa kwa watoto wangu, akaikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama nguo ya duka. Akairudisha mfukoni. Akafunga fundo. Akauweka kitini.

"Mtu asiiguse," akasema. "Na isifuliwe."

Wakapiga makofi.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mwenye jezi yuko hai.

Nilizunguka nyuma ya banda, nikashika ukuta, nikatapika mpaka tumbo likauma. Mimi, ambaye nimeingiza mkono kwenye mashimo ya vyoo vya nyumba nzima.

Niliporudi hospitali mzee alikuwa ameketi.

"Wamesemaje?"

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa.

"Wameiweka kitini, baba. Wanaendelea nayo."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumkemea. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya shuka, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya nini.

"Basi hawajapungukiwa kitu," akasema.

Siku hizi tunatazama mpira nyumbani, kwenye kitelevisheni chetu chenye mstari katikati. Mke wangu alimnunulia jezi mpya ya Nyuki, anaivaa juu ya sweta sasa. Tunatukanana vizuri tu, yeye anaisema Radi yangu, mimi naisema Nyuki yake. Na akitaka kuinuka anainuka, hata kama ni penalti. Mke wangu anamkaribisha tena akirudi kitini, kila mara, kana kwamba katoka safari.

Juzi mwenyekiti alinipigia simu. Choo cha banda kimeziba tena, eti niwahi kabla ya mechi.

Nikamwambia, "Kiwekeeni ile jezi juu yake."

Wewe unayesoma, sikukatazi kushabikia. Mimi mwenyewe ni Radi, nitazikwa nayo. Ila kama kuna mahali watu wanakufutia kiti na kukupigia makofi, usiharakishe kusema wanakupenda.

Siku moja jaribu kuinuka, uone.