Mtani Aliyenyamaza Kaburini

Vijana wa mtaani kwetu Temeke huniuliza kwa nini mzee mzima bado nabeba jembe kila unapotokea msiba, wakati sina ujira wala udugu na marehemu. Wenzangu wakiulizwa hujibu vizuri: utu, ujirani, thawabu. Majibu ya namna hiyo hunikera. Mimi nachimba kwa aibu, na aibu yangu ina siku yake.

Ilikuwa zama za Mwingereza, vita vimekwisha. Nilikuwa karani wa bohari bandarini, Mnyamwezi niliyelelewa katika bweni la misheni huko bara. Nilivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, nikajiona mtu wa maana kupita kiasi. Jirani yangu alikuwa Mzaramo, kuli wa bandari hiyo hiyo, na kwa kuwa makabila yetu ni watani hakunipa nafasi ya kujiona. Kila asubuhi alinipigia kelele njiani: mpagazi wangu, leo umebeba nini? Binti yangu wa pekee, wa miaka minne, jirani alikuwa akimwita mchumba wake. Mtoto naye alimpenda, akimwekea ukoko wa wali ambao mimi sikuwekewa hata siku moja.

Homa ilimchukua mtoto yule kwa siku tatu. Kabla sijajua pa kuanzia, jirani alikwisha kukusanya wenzake sita, Wazaramo watupu, wakaenda makaburini na majembe. Hakuna aliyewatuma. Ndiyo kazi ya mtani: mfiwa hashiki jembe, watani humchimbia, na huku wakichimba humtania marehemu na wafiwa kwa maneno ambayo angeyasema mtu mwingine angepigwa. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hayo niliyajua tangu utotoni, kwa hiyo sina kisingizio.

Tulipofika na jeneza nilikuwa nimefuatana na katekista na makarani wenzangu wawili, wamevaa viatu vya kung'aa. Jirani alikuwa amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani.

"Mie sitoki," alisema. "Mpagazi huyu anataka kunifukia mchumba wangu. Kama lazima azikwe mtu, nizikeni mie, yeye mrudisheni kwa mama yake."

Maneno yale nayasikia hadi leo. Siku ile sikuyasikia. Nilichosikia ni karani mmoja akikohoa, nikamwona anatazama viatu vyake. Nilishuka, nikamkamata jirani shingoni na kumpiga kofi mbele ya jeneza la mwanangu. Nikamwambia ushenzi wake aupeleke kwao.

Wenzake waliweka majembe chini. Nilidhani wataondoka, na kwa hasira niliyokuwa nayo nilitaka waondoke. Hakuondoka mtu. Jirani alijipangusa mchanga, akapima kaburi kwa mpini wa jembe, akaona upande mmoja umepungua kidogo, akauongeza. Walishusha jeneza taratibu, wakafukia, wakatengeneza tuta na kulimwagia maji. Kazi ilikuwa safi. Lakini hawakusema neno hata moja tangu pale hadi mwisho, ikawa inasikika sauti ya katekista tu na udongo ukianguka juu ya mbao.

Mke wangu alikuwa amebaki nyumbani na wanawake, kama ilivyo desturi ya pwani. Hakuniuliza habari za sala. Aliniuliza mtani alisema nini. Ningeweza kumdanganya, lakini nilimweleza yote, nikijitetea kwamba alitudhalilisha mbele za watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mwanangu kazikwa kimya," alisema, "kama maiti ya kuokotwa. Yule alikuwa anamlilia, nawe ukampiga."

Siku ya saba nilikwenda kwa jirani na jogoo kwapani, kama inavyompasa mtu aliyekasirikia utani. Alinipokea vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinipa kiti, akaniita bwana karani, akauliza hali ya mama. Nilimwomba anitukane. Nilimwomba kweli, nusura nipige magoti.

"Hujanikosea, bwana," alisema. "Nilikuchukulia mtani. Kumbe tulikuwa majirani tu."

Jogoo alimpokea kwa mikono miwili, akanisindikiza hadi mlangoni.

Msiba uliofuata nilichukua jembe nikaenda. Hakuna aliyeniita, na hakuna aliyenikataza. Tangu hapo sijakosa: Waislamu, Wakristo, hata watu waliokufa wageni bila ndugu. Watu hunisifu kwa moyo wa kujitolea, nami huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba kila niingiapo kaburini huwa nangoja Mzaramo yeyote aliyesimama pale juu anirushie neno, hata la kunitukania mama. Badala yake huniamkia shikamoo, hunipa maji ya kunawa.

Jirani mwenyewe nilimchimbia miaka kadhaa baadaye. Watani walikuja wengi, wakamsema marehemu kwa ulafi wake na miguu yake mibovu mpaka waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nilikuwa chini, kaburi limenifika kiunoni. Nilikuwa na neno langu la utani, nimelitunza siku nyingi. Nilipofungua mdomo kicheko kikakatika, na mwana mkubwa wa marehemu akainama, akaninyoshea mkono kwa adabu.

"Toka upumzike, mzee," alisema. "Umechoka."