Salamu kwa Mke Mwenzangu

Mke mwenza nilimpata uzeeni, tena mwanamume: Mjapani, mcheza mpira aliyekwisha kustaafu. Ndivyo nilivyombandika jina, kwa sababu tangu mume wangu apooze upande mmoja, uso wake huchangamka kwa ajili ya mtu huyo tu. Mimi namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani, naye ananitazama kama anavyolitazama pazia. Nikimwekea kwenye simu mabao ya zamani ya Mjapani wake, anacheka hadi machozi yanamtoka. Wivu niliuona, sikatai.

Jumamosi moja tukasikia kwamba bwana huyo anasaini jezi katika duka moja la michezo, katikati ya London. Mume wangu, ambaye maneno yake siku hizi ni ya kuokota moja moja, akasema, "Mpelekee salamu." Kwetu Unguja salamu ni amana, ukishatumwa huna budi kuifikisha. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nikamwomba jirani akae naye, nikachukua jezi kuukuu ya mume wangu, nikapanda treni pale Woolwich tunakokaa bila hata kubadili viatu.

Foleni ilikuwa imepinda kona. Nilidhani nitakuta Wajapani watupu, kumbe wamo Waingereza wenye mvi, akina mama na vigari vya watoto, na vijana ambao hawajawahi kumwona akicheza. Mtu ameacha kazi zamani na bado anapendwa hivi. Mimi yangu sijaiacha hata siku moja, na sijaona aliyenipangia foleni. Niliwaza hayo nimeegemea ukuta, nyayo zinawaka moto.

Mlangoni mfanyakazi wa duka alituonya: sahihi moja kila mtu, na hakuna mazungumzo. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikamwambia anisubiri.

Zamu yangu ilipofika nilimwona kwa karibu. Mtu wa makamo, macho mekundu, anaukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Mume wangu mgonjwa, hakuweza kuja. Anakusalimu." Akaweka kalamu chini, akasimama, akainama.

"Nimezipokea," akasema. "Na wewe nisalimie yeye."

Nilikwenda nikitaka kumchukia, nikashindwa.

Nyumbani nilimkuta mume wangu kaukodolea macho mlango. Nikamtandikia kifuani jezi yenye sahihi, nikamweleza yote, hadi ile kuinama. Akasikiliza, midomo inatetemeka, anatafuta neno.

"Yeye," akasema, "kachoka?"

"Kachoka. Kutwa anawasainia watu."

Akatikisa kichwa. "Maskini, mwana wa watu."

Tangu augue nilikuwa nikilingoja neno hilo. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini, nikavua viatu, nikalichukua mimi.